Kutunza Mashine ya Kukamua Alizeti na Kupima Uchakavu wa Skrubu Yake

Fundi mzoefu akiingia kwenye kiwanda cha kukamua alizeti haanzi kwa kuiangalia mashine; huanza na mashudu. Huokota gamba moja likiwa bado la moto mdomoni mwa mashine, hulivunja karibu na sikio, kisha hulikandamiza kwenye kipande cha karatasi nyeupe. Gamba la mashine iliyo salama ni jembamba, lina upande mmoja laini na upande mwingine wenye mikwaruzo, huvunjika kwa mlio mkavu, na huacha doa dogo tu kwenye karatasi. Gamba likitoka nene, likabonyea badala ya kuvunjika, na karatasi ikalowa hadi mwanga ukapita, hapo fundi anajua, kabla hajashika spana, kwamba ama alizeti imeingia na unyevu mwingi, ama koni (kipande kinachobana mdomo wa kutolea mashudu) imelegezwa, ama skrubu imelika. Mambo mawili ya kwanza hurekebishwa kwa muda mfupi. La tatu humla mwenye mashine kimyakimya msimu mzima, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia tani 1 ya alizeti yenye mafuta asilimia 38. Mashudu yakitoka na mafuta asilimia 8, yanayobaki ndani yake ni karibu kilo 54. Yakitoka na asilimia 12, yanayobaki ni karibu kilo 85. Tofauti hiyo ya kilo 31 hivi ni zaidi ya lita 33 kwa kila tani, na kiwanda kidogo kinachokamua tani 3 kwa siku kinakuwa kinampelekea mfugaji wa kuku madebe 5 ya mafuta kila jioni kwa bei ya mashudu. Vipande vya skrubu ni ghali, lakini ukiiweka hesabu hiyo kando ya bei yake utaona ni siku ngapi tu zinatosha kuvilipia.

Mahali mashine inapolika

Kanuni ya mashine hizi haijabadilika sana tangu Valerius Anderson wa Cleveland, Marekani, alipopata hataza yake mwaka 1900. Skrubu nene huzunguka ndani ya kizimba kilichopangwa kwa pau za chuma zilizosogezwa karibu karibu, na kati ya upau na upau kuna mwanya usiofikia hata milimita moja. Nafasi iliyo kati ya mapezi ya skrubu na kizimba hupungua kadiri alizeti inavyosukumwa kwenda mbele, hivyo shinikizo hupanda, mafuta hupenya kwenye mianya, na mashudu makavu hujisukuma nje kupitia uwazi mwembamba unaoizunguka koni. Katika mashine nyingi skrubu si kipande kimoja; ni vipande kadhaa vilivyovishwa kwenye shafti, vikashikwa na funguo ndefu (upande wa chuma unaokaa kwenye mfereji wa shafti ili vizunguke pamoja nayo) na kubanwa na nati moja kubwa mwishoni.

Kulika kwake hakulingani. Upande wa hopa, yaani chombo cha kumwagia alizeti, alizeti bado imelegea na shinikizo ni dogo, kwa hiyo kipande cha kwanza kinaweza kukaa misimu mingi bila kudhurika. Vipande viwili au vitatu vya mwisho, karibu na mdomo wa kutolea mashudu, ndivyo vinavyobeba mzigo, na huanza kulika kwenye ncha ya pezi na kwenye uso wake unaosukuma. Koni na pete yake hufuata, kisha pau zinazotazamana na vipande hivyo. Ncha ya pezi ikipungua, mashudu yaliyokwisha kubanwa hupata njia ya kurudi nyuma kati ya pezi na pau, skrubu huyazungusha yale yale badala ya kuyasukuma, na mashine hufanya kazi kubwa ya kupasha joto huku mafuta yakibaki ndani.

Kinacholisha uchakavu huo hasa ni mchanga. Katika vijiji vya Singida, Dodoma na Manyara vichwa vingi vya alizeti hupigwa kwa fimbo juu ya turubai, na pengine juu ya ardhi tupu, kwa hiyo gunia linapofika kiwandani limebeba udongo, vijiwe, vipande vya mabua na mara nyingine msumari. Mimi huhesabu chekeche na sumaku ya kwenye hopa kuwa ni sehemu ya skrubu. Kiwanda kinachokamua bila kuchekecha kitabadilisha vipande vya mwisho mara nyingi zaidi kuliko jirani yake anayechekecha, hata kama mashine zao zilinunuliwa siku moja. Sumaku ifutwe kila zamu, kwa sababu sumaku iliyojaa vumbi la chuma haishiki tena kitu, na nati moja tu iliyopita inaweza kumega pezi na kupinda pau tatu kwa mzunguko mmoja.

Kabla ya kuweka mkono

Hakuna ukaguzi wowote wa ndani unaofanywa mashine ikiwa inaweza kuwashwa. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, weka ufunguo mfukoni mwako mwenyewe, na uning'inize kibao chenye jina lako na neno «usiwashe». Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili uhakikishe kwamba kweli haiwaki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na mitambo ya hatari, lakini kufuli la bei ndogo ndilo linalomzuia kijana wa zamu asiyejua kwamba wewe umelala chini ya kizimba. Kinga za mikanda na za puli zirudishwe kabla ya kuwasha, hata kama ni kwa majaribio ya dakika moja.

Kumbuka pia kwamba mashine iliyosimama ikiwa imejaa bado ina shinikizo ndani. Msimu mmoja umeme ulikatika tukiwa katikati ya kazi, na uliporudi baada ya muda mrefu mwenzangu aliwasha bila kuondoa mashudu yaliyokuwa yameshapoa kizimbani. Mota ilinguruma, mkanda ukatoa moshi, halafu tukasikia mlio mmoja mfupi kama wa kuni kavu: shafti ilikuwa imekatika kwenye mfereji wa funguo. Tangu hapo utaratibu wetu ni kwamba umeme ukikatika, koni inalegezwa mara moja kabla joto halijaondoka, hopa inafungwa, na ikiwa umeme hautarudi mapema tunageuza puli kwa mkono au tunafungua kizimba na kukitoa kilichomo. Nati za kizimba zilegezwe kidogo kidogo kwa kupokezana, wala usitoe moja yote kwanza, maana nusu ya kizimba iliyobanwa upande mmoja inaweza kuruka.

Kazi za kila siku

Asubuhi, kabla ya kuwasha, geuza puli kwa mkono mzunguko mzima na usikilize. Kama kuna chuma kinachokwaruza chuma, usiwashe. Angalia kiwango cha oili kwenye kioo cha giaboksi, nati za msingi, na sakafu chini ya mashine, kwa kuwa doa jipya la oili ni barua iliyoandikwa na sili inayovuja. Mashine iwashwe ikiwa tupu na koni ikiwa imelegezwa, kisha ilishwe kidogo kidogo mpaka kizimba kipate joto, ndipo koni ikazwe hatua kwa hatua. Wanaotaka mafuta dakika ya kwanza ndio wanaovunja mapezi.

Wakati wa kazi andika usomaji wa amita kila saa. Mota isizidishwe juu ya ampea zilizoandikwa kwenye kibao chake. Ampea zikipanda ghafla, tafuta kitu kilichokwama, alizeti iliyokauka kupita kiasi au beringi inayokufa. Zikishuka polepole wiki baada ya wiki, huku ulishaji ni ule ule na koni iko pale pale, hiyo ndiyo dalili ya wazi ya skrubu inayolika. Ndiyo maana usomaji wa siku moja hausemi mengi, na daftari la msimu mzima linasema karibu kila kitu.

Yaangalie na mafuta yenyewe. Mafuta ghafi ya alizeti huwa na mashapo siku zote, lakini mashapo yakiongezeka na kuwa mazito kama uji, mianya ya pau imepanuka au upau mmoja umehama mahali pake. Kwenye kizimba mafuta yanapaswa kutoka kwa wingi katika eneo fulani, na eneo hilo hutofautiana kwa kila mashine. Ukiona limesogea kuelekea mdomo wa mashudu, shinikizo limechelewa kupanda. Unyevu wa alizeti usisahauliwe kabla ya kuilaumu skrubu: mbegu yenye unyevu wa asilimia 6 au 7 hukamulika vizuri, na ile iliyonyeshewa njiani huteleza ndani ya kizimba hata skrubu ikiwa mpya.

Jioni, kabla ya kuzima, funga hopa, legeza koni, na upitishe mashudu makavu yaliyovunjwavunjwa mpaka kizimba kitoe mafuta kidogo sana. Mashudu yaliyoachwa humo usiku kucha huganda kama saruji. Yale ya moto yaliyotoka mwisho yatandazwe yapoe kabla ya kutiwa magunia, kwa kuwa lundo la mashudu yenye mafuta na joto linaweza kujipasha lenyewe hadi likashika moto saa nyingi baada ya watu kwenda nyumbani. Matambara yaliyolowa mafuta nayo yana tabia hiyo hiyo, hivyo yawekwe kwenye debe la chuma lenye mfuniko.

Mikanda, giaboksi na beringi

Hizi hazihitaji maneno mengi. Mkanda ubonyezwe katikati ya puli mbili: kwa kila mita 1 ya urefu ulio wazi, kubonyea kwa milimita 16 hivi kunatosha. Mkanda uliolegea huteleza na kuungua. Uliokazwa kupita kiasi huua beringi ya mota. Ukiona sehemu ya chini ya mfereji wa puli inang'aa, mkanda umezama na kugusa chini, na hapo ama mkanda ama puli imekwisha. Mikanda ya seti moja ibadilishwe yote kwa pamoja, maana mkanda mpya ukichanganywa na ya zamani hubeba mzigo peke yake na kukatika mapema.

Oili ya giaboksi ibadilishwe mapema baada ya mashine mpya kuanza kazi, kwa kuwa oili ya kwanza hubeba unga wa gia zinazozoeana, na baada ya hapo ifuate saa zilizotajwa kwenye kitabu cha mashine. Imwage ikiwa ya moto. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe na uangalie: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole ni jino la gia, na rangi ya maziwa ni maji. Namba ya oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu giaboksi yenye gurudumu la shaba haivumilii kila oili inayouzwa kwa jina la oili ya gia.

Beringi inayostahili macho zaidi ni ile inayobeba msukumo wa skrubu, kwa kuwa nguvu yote inayosukuma mashudu mbele huisukuma shafti nyuma. Weka kiganja kwenye nyumba yake: ukishindwa kukiacha hapo sekunde chache, joto limevuka nyuzi 60 hivi, na inafaa upime kwa kipimajoto. Joto likipita nyuzi 80, simamisha mashine utafute sababu. Wengi hukimbilia kuongeza grisi, na mara nyingi grisi iliyozidi ndiyo iliyoleta joto hilo. Beringi iliyo karibu na kizimba ipewe grisi iliyoidhinishwa kwa mitambo ya chakula, kwa kuwa mafuta haya yanakwenda jikoni.

Kuifungua na kuipima

Ukaguzi mkubwa ufanywe angalau mara mbili: kabla ya msimu kuanza, na katikati ya msimu, wakati alizeti bado ipo ghalani na vipuri vinaweza kuagizwa bila kusimamisha kazi kwa muda mrefu. Ifungue mashine ikiwa bado na uvuguvugu. Andaa turubai safi, kalamu ya chaki, vernia, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), rula ndefu ya chuma isiyopinda, na daftari. Piga picha kwa simu kabla ya kulegeza kitu chochote, kisha piga nyingine kila baada ya hatua.

Pau zitolewe moja moja na kulazwa kwenye turubai kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa, pamoja na shimu zake, yaani vibati vinavyokaa kati ya upau na upau. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Shimu za unene tofauti zikichanganywa, mianya ya mwanzo inakwenda mwisho na ya mwisho inakuja mwanzo, na mwenye mashine atahangaika mwezi mzima na mashapo asiyojua yametoka wapi. Kila upau upewe namba kwa chaki, na sehemu ya kizimba ulikotoka iandikwe. Mashudu yaliyoganda yakwanguliwe kwa kipande cha mti mgumu au cha shaba. Patasi ya chuma huacha michubuko ambayo mashudu yatanata juu yake.

Nati inayobana vipande vya skrubu, katika baadhi ya mashine, ina uzi wa kushoto ili isilegee yenyewe skrubu ikizunguka. Itazame vizuri kabla ya kuiwekea bomba refu. Nimeona watu wanne wakiining'inia spana, kila mmoja akiamini kwamba kutu ndiyo imeishika, kumbe walikuwa wanaikaza. Vipande vikishatoka, vigonge namba kwa patasi ya alama kwenye uso usiogusa alizeti, kuanzia 1 upande wa hopa.

Sasa kupima. Wengi hushika vernia na kutaka kupima kipenyo cha skrubu kutoka ncha ya pezi hadi ncha ya upande wa pili, na hupata namba tofauti kila wanapopima. Sababu ni kwamba pezi linapanda kama ngazi ya mnara, kwa hiyo ncha mbili zinazotazamana hazimo kwenye mstari mmoja. Njia ya uhakika zaidi ni kupima kimo cha pezi kutoka kwenye mwili wa kipande, mahali panne kwa kuzunguka, na kuandika pia unene wa ncha yenyewe. Mwili nao hulika, lakini polepole zaidi. Bora kuliko hiyo ni kigezo cha bati: siku kipande kipya kinapofika, kabla hakijaingia kwenye shafti, chukua bati la unene wa milimita 1 au 2, likate kwa msumeno na tupa mpaka likae sawasawa juu ya umbo la pezi, kisha liandike namba ya kipande na ulitundike ukutani. Mwaka unaofuata utakiweka kigezo hicho juu ya kipande kilichotumika, uingize fila geji kwenye mwanga unaopita katikati, na uchakavu utausoma kwa milimita bila mabishano.

Kizimba kipimwe kipenyo chake cha ndani mahali patatu, yaani karibu na hopa, katikati na karibu na mdomo, na kila mahali kipimwe kwa wima na kwa mlalo. Mapezi hulika kwa kuzunguka kote, lakini pau za chini na za juu huweza kulika kwa tofauti kama shafti inaning'inia. Ukitoa nusu ya kipenyo cha skrubu (yaani nusu ya kipenyo cha mwili ukijumlisha kimo cha pezi) kwenye nusu ya kipenyo cha kizimba unapata nafasi iliyopo kati ya ncha na pau, na namba hiyo ndiyo ya kuandikwa kwa wino mwekundu. Upau wenyewe ulazwe kwenye rula: ukiona mwanga chini yake, ujue umepinda, na ukiona ukingo wake umekuwa mviringo badala ya kona kali, umeshaanza kuruhusu mashapo. Pau nyingi zina ukingo wa pili unaoweza kutumika, kwa hiyo kabla ya kuagiza mpya jaribu kuzigeuza.

Nyufa ndizo zinazovunja mashine ghafla, nazo hazionekani kwa jicho. Njia ya zamani bado inafaa pale ambapo hakuna dawa za kisasa za kugundua nyufa. Kisafishe kipande mpaka kikauke, kipake mafuta ya taa kwa brashi, kiache robo saa, kifute kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha kipake chokaa nyeupe iliyokorogwa kwa spiriti. Chokaa ikikauka, mafuta ya taa yaliyojificha kwenye ufa hupanda na kuchora mstari mwembamba wa kijivu. Angalia hasa shina la pezi, kona za mfereji wa funguo, na mahali shafti inapobadilisha unene. Jaribio hili lifanywe mbali na kizimba, na vipande vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikaushwe, halafu vipakwe mafuta ya alizeti kabla ya kurudishwa. Shafti iliyo na ufa haichomelewi. Inabadilishwa.

Kuchomelea au kubadilisha

Kikomo cha uchakavu kiko kwenye kitabu cha mtengenezaji, na pale kilipo kifuatwe. Mashine nyingi za mitumba hazina kitabu, na kwa hizo mimi hutumia kanuni yangu: nafasi kati ya ncha na pau kwenye vipande vya mwisho ikifika mara mbili ya ile niliyoiandika siku mashine ilipokuwa mpya, naagiza, na mashudu yakishindwa jaribio la karatasi hata nafasi haijafika hapo, naamini mashudu. Ndiyo sababu vipimo vya siku ya kwanza vina thamani kuliko vyote vitakavyofuata, ingawa ndivyo ambavyo karibu kila mtu hukosa kuvichukua.

Kurudishia chuma kwa kuchomelea kunawezekana, na mafundi wengi wa mikoani, wa karakana za SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) na wa mitaani, wanakufanya vizuri, lakini kwanza ijulikane chuma chenyewe ni cha aina gani. Kiguse kidogo kwa grainda pembezoni: cheche ndefu za njano ni za chuma cha pua (stili ya kawaida), cheche fupi nyekundu zinazofifia haraka ni za chuma cha kusubu, na hicho cha pili kikichomelewa kama cha kwanza kitapasuka kikipoa. Kipande cha chuma kigumu kipashwe joto kwanza hadi nyuzi 200 au 300, kipewe tabaka la chini la vijiti vya kuchomelea vya E7018 vilivyokaushwa vizuri, kisha tabaka moja au mawili ya vijiti vya kuweka ugumu. Tabaka la tatu mara nyingi hubanduka likiwa kazini, na vipande vyake vinapita kwenye pau. Nyufa ndogo ndogo zinazokatiza tabaka gumu ni za kawaida kwa baadhi ya vijiti hivyo, mradi hazishuki hadi kwenye chuma cha chini. Kipande kikimaliza kuchomelewa, kizikwe kwenye majivu makavu au chokaa kavu mpaka kesho yake.

Mambo mawili ya kuchomelea husahauliwa. Waya wa ardhi ufungwe kwenye kipande chenyewe kinachochomelewa; ukifungwa kwenye fremu huku skrubu ikiwa bado mahali pake, mkondo wa umeme hupita kwenye beringi na kuzichoma vidoa ambavyo vitaonekana baada ya wiki chache kama mngurumo usioeleweka. Pili, uso wa pezi unaosukuma usagwe mpaka uwe laini kabisa na ulingane na kigezo cha bati, kwa kuwa uso wenye makovu hushika mashudu na kuyazungusha pamoja na skrubu. Kwa upande wangu, vipande vya mwisho huvichomelea mara moja au mbili, kisha nanunua vipya, kwa sababu chuma kilichopashwa joto mara nyingi hupoteza nguvu yake chini ya tabaka gumu.

Kurudisha na kuizoesha

Vipande virudi kwa namba zake na kusiwe na uchafu kati ya kipande na kipande, maana hata punje moja ikibaki hapo mashudu yatapenya na kusukuma vipande viachane. Pau zirudi na shimu zake, na nati za kizimba zikazwe kwa kupokezana pande zote mbili, robo mzunguko kila mara. Geuza puli kwa mkono. Kama mota ilifunguliwa au ilikwenda kusukwa upya, iguse swichi kwa sekunde moja uone skrubu inazunguka upande gani, kwani nyaya mbili zikibadilishana nafasi mota hurudi nyuma, na skrubu inayorudi nyuma husukuma alizeti hopani na inaweza kulegeza nati yake.

Skrubu mpya au iliyochomelewa haipewi alizeti siku hiyo. Uso wake bado una ukwaru wa karakana, na mashudu hunata juu yake. Ilishe mashudu makavu yaliyovunjwa, koni ikiwa wazi, na uyarudishe yale yale hopani kwa saa kadhaa. Mwanzoni yatatoka meusi, yamechanganyika na unga wa chuma. Baadaye rangi hurudi, na ukifungua kizimba kuchungulia utaona mapezi yameanza kung'aa kama jembe lililotoka shambani. Mashudu hayo meusi yasiuzwe kwa wafugaji. Baada ya hapo changanya alizeti kidogo kidogo, ukikaza koni kwa hatua huku ukitazama amita, na mafuta ya kwanza yawekwe kando yasichanganywe na ya kuuza.

Msimu ukiisha

Alizeti ya ukanda wa kati huvunwa zaidi kuanzia Mei hadi Julai, na viwanda vingi hukosa mzigo miezi kadhaa kabla ya mavuno mapya. Mashine inayoachwa na mashudu ndani yake wakati wa mvua hufunguliwa kwa nyundo. Itoe kila kitu kizimbani, pau zipakwe mafuta ya kula pande zote, koni ilegezwe, mikanda iondolewe mvutano, na hopa ifunikwe panya wasiingie. Mara moja kwa wiki mlinzi aigeuze puli mizunguko michache na kuiacha mahali tofauti na ilipokuwa, ili golori za beringi zisikae sehemu moja. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la msimu andika saa zilizofanya kazi, tani zilizopita, nafasi ya ncha na pau ya kila kipande, na vipande vilivyoagizwa, ili oda itoke mapema, kabla viwanda vingine havijaanza kugombania mafundi wa kukereza.